Nani atoke kwanza? Historia fupi ya heshima barabarani, toka Vienna mpaka Sake

Tuanzie Sake, pale barabara ya Goma inagawanyika: moja inaendelea Minova na Bukavu, ingine inapanda Masisi. Fuso imesimama pembeni, imejaa makala. Shofere anataka kutoka. Nyuma yake kuko mama mwenye beseni kichwani, motari, na kijana wa chukudu. Konvwayeri anaruka chini, anapiga mkono kwenye mbao: "Kuya, kuya, fasi iko... basi!" Wengi wanasikia makelele tu. Mimi ninasikia sheria, tena sheria yenye historia.

Tarehe 8 Novemba 1968, mataifa yalikubaliana mjini Vienna juu ya Mkataba wa Usafiri wa Barabarani. Kifungu cha 14 kinasema wazi: mwenye kutaka kutoka kwenye mstari wa magari yaliyosimama, ao kurudi nyuma, ahakikishe kwanza kama hatawaweka wengine katika hatari. Inchi yetu, wakati huo Zaire, iliingia katika mkataba huo mwaka 1977. Mwaka uliofuata tukapata kode yetu ya barabara, sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ambayo mpaka leo tunaitaja.

Hapa kuko kosa ambalo hata sisi wenye diplome tunafanya. Tumefundishwa "priyorite ya kuume", urithi tuliopata kwa Wabelgiji. Basi mtu anatoka parkingi upande wa kuume, anasema: "Nimetokea kuume, munipishe!" Hapana, ndugu. Priyorite ya kuume ni ya njia panda. Anayetoka parkingi ndiye anayengoja, hata akiwa na gari kubwa namna gani.

Kwa nini? Tuangalie kifungu kingine, cha 12. Kwenye mlima, magari mawili yakikutana fasi nyembamba, anayeshuka anamupisha anayepanda. Mtu wa Masisi haitaji kuelezwa: Fuso yenye muzigo ikisimama katikati ya mupando, kwenye matope, kuondoka tena ni kazi ya siku nzima.

Lakini chukudu je? Ile ya mbao ikishuka kutoka milimani na magunia ya viazi, hakuna anayeiambia ingoje. Watu wote wanakimbia pembeni. Ukisoma karatasi tu, utasema tunavunja sheria. Ukifikiri vizuri, utaona ni akili moja: yule ambaye kusimama ni nguvu kwake apite kwanza, na yule anayeweza kungoja, angoje. Mwenye gari iliyosimama parkingi ndiye anayeweza kungoja kuliko wote.

Ongeza hii: magari mengi ya kwetu yana usukani upande wa kuume, na sisi tunatembea kuume. Shofere akitoka pembeni, haoni vizuri kinachokuja nyuma upande wa kushoto. Konvwayeri njo jicho lake. Kumudharau ni kuendesha kipofu.

Sasa, kuko "sheria" ya tatu, isiyoandikwa popote: mwenye nguvu apite. Miaka mingi ya vita imetuzoesha kumupisha mwenye bunduki, mwenye klaksoni kubwa, mwenye kusema "unajua mimi ni nani?" Siku vita itaisha, ile tabia haitaisha yenyewe. Itabaki ndani ya usukani wetu, na mama wa beseni ndiye atakayeilipa.

Kwa hiyo, msomi mwenzangu, siku utanunua gari yako ya kwanza, kabla ya kutoka parkingi, angalia nyuma, ngoja, pisha. Hautapungukiwa na kitu. Na nyinyi wa Walikale, huko kwenu nani anamupisha nani? Mutuandikie.