Uso wa Saa Ulioegemea Upande

Tumezoea mishale ya saa itoke katikati ya uso wake. Hivyo ndivyo tulivyowafundisha watoto, kwa saa za karatasi ngumu tulizozikata wenyewe. Kwa hiyo saa yenye mishale iliyosogezwa upande mmoja humshtua mtazamaji. Lakini wako wengi walioipenda saa ya namna hiyo, nami naona sababu imo katika historia yake.

Tarehe 7 Desemba 1845, Ferdinand Adolph Lange alianzisha karakana ya saa huko Glashütte, mji mdogo wa Saxony, Ujerumani. Saa zake zikasifika. Tarehe 8 Mei 1945, vita vya Ulaya vikiwa ukingoni, jengo kuu la karakana likapigwa mabomu. Mwaka 1948 kampuni ikataifishwa, na kitukuu wake, Walter Lange, akakimbilia magharibi. Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989, mzee huyo alirudi. Akiwa na umri wa miaka 66, wakati wengi wetu tumekwisha kukabidhi funguo za ofisi, aliiandikisha upya kampuni tarehe ileile, 7 Desemba, mwaka 1990. Mwenzake mkuu katika kazi hiyo alikuwa Günter Blümlein.

Je, wangeanza na saa gani? Njia rahisi ilikuwa kunakili saa za mababu. Wao, tarehe 24 Oktoba 1994, mjini Dresden, walionyesha saa nne, na mojawapo, Lange 1, ilikuwa na uso ulioegemea. Duara la saa na dakika liko kushoto. Kulia, juu, kuna tarehe yenye tarakimu kubwa katika vidirisha viwili. Chini yake kipimo cha nguvu iliyobaki katika kamani. Na chini zaidi kiduara cha sekunde. Wazo la tarehe ile lilitokana na saa ya jumba la opera la Dresden, iliyoundwa na Gutkaes, mwalimu wa Lange wa kwanza. Basi upya wao ulikuwa na mizizi.

Saa hiyo si ya mfuko wa mwalimu mstaafu, ila somo lake ni la bure. Mwenye mizani ya mkono mrefu anajua kwamba jiwe dogo likisogezwa mbali husawazisha gunia zito lililo karibu. Ndivyo duara kubwa la kushoto linavyosawazishwa na vitu vidogo vya kulia, wala hakuna kinachokanyaga kingine.

Walimu wanafunzi niliwaambia vivyo hivyo kuhusu ubao: tarehe pembeni, msamiati ukingoni, somo lipewe nafasi pana. Ubao kama huo haulingani pande zote, lakini mtoto aliyeketi nyuma kabisa huusoma mara moja.