Mama Aliyeuliza Swali

Historia ya tiba tumezoea kusimuliwa kwa majina ya madaktari. Hata historia ya kipimo cha damu ya mjamzito, kile kinachotafuta dalili za kasoro za maumbile kwa mtoto aliye tumboni, ina majina yake. Lakini pale ilipogeuka kabisa kuna mtu ambaye jina lake halitajwi. Ni mama mmoja wa Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mimi kazi yangu ni kuuliza maswali, labda ndiyo maana kisa chake kilininasa.

Tuanze Scotland. Visiwa vya Uingereza wakati huo vilikuwa na watoto wengi waliozaliwa na mgongo wazi. Wasomaji wa Tanzania jina hilo si geni kwenu; mara nyingi hutajwa pamoja na vichwa vikubwa, kila zinapotoka habari za upasuaji wa watoto pale MOI, Muhimbili. Mwaka 1972, mjini Edinburgh, David Brock na Roger Sutcliffe walitoa taarifa kuhusu protini iitwayo AFP, ambayo hutengenezwa na mtoto mwenyewe, hasa kwenye ini lake. Waligundua kwamba mtoto mwenye mgongo wazi, au ambaye fuvu na ubongo havikuumbika, huzungukwa na maji yenye AFP nyingi mno. Sababu yake si ngumu kuielewa: palipo na uwazi, protini huvuja.

Tatizo lilikuwa namna ya kuyapata hayo maji. Ilibidi sindano ipite kwenye tumbo la mama, na sindano hiyo mara chache huweza kuharibu mimba. Huwezi kumchoma kila mjamzito. Basi wakatazama damu ya mama, kwa sababu sehemu ya protini ile huvuka na kuingia humo. Mwaka 1977 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba damu ikichukuliwa kati ya wiki ya 16 na ya 18, ingewanasa takribani watoto 8 kati ya 10 wenye mgongo wazi. Ila ingewatia hofu pia akina mama kama 3 kati ya 100 ambao watoto wao hawana shida hiyo. Mwingine ana mapacha. Mwingine amekosea tu kuhesabu tarehe, mimba ni kubwa kuliko anavyodhani.

Hapo ndipo penye jambo ambalo watu wengi hulipita haraka. Kipimo hiki hakisemi "mtoto anaumwa" wala "mtoto mzima". Kinasema uwezekano umepanda au umeshuka. Kiswahili chetu hapa kinatutega kidogo, maana neno "kupima" tunalitumia kwa malaria, kwa unga na kwa kitambaa, na mtu akishapimwa anatarajia jibu moja lililonyooka.

Kwa miaka kadhaa wote walikuwa wanaogopa AFP ya juu. Ya chini ilikuwa habari njema, yaani nenda nyumbani ukapumzike. Mama yule wa Marekani alipimwa, jibu likawa chini mno. Kisha akajifungua mtoto mwenye trisomia 18, hali ya kuwa na kromosomu moja ya ziada ambayo watoto wengi hawaishi nayo muda mrefu. Akauliza: je, lile jibu la chini lilikuwa na uhusiano na haya yaliyompata mwanangu?

Angeweza kujibiwa "pole mama, ni mapenzi ya Mungu", mambo yakaishia hapo. Lakini Irwin Merkatz na wenzake walirudi kwenye kumbukumbu za mimba nyingine ambazo watoto walikuwa na kasoro za kromosomu. Wakakuta majibu ya chini yanajirudia, pamoja na kwa watoto wenye sindromu ya Down. Walichapisha matokeo mwaka 1984. Mwaka huohuo Howard Cuckle, Nicholas Wald na mwenzao wakathibitisha kutoka Uingereza.

Uzito wa jambo hilo ni huu. Kabla ya hapo, aliyeshukiwa kupata mtoto mwenye Down alikuwa hasa mama wa miaka 35 na kuendelea. Ni kweli uwezekano hupanda na umri, lakini wanaozaa zaidi ni vijana, kwa hiyo wengi wa watoto hao walizaliwa na mama ambao hakuna aliyewafikiria. Mwaka 1988 Wald na wenzake waliunganisha AFP, homoni mbili na umri wa mama katika hesabu moja. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake wakaonyesha kwamba hata DNA ya mtoto inaelea kwenye damu ya mama, na mwaka 2011 vipimo vya DNA hiyo vikaanza kuuzwa. Navyo pia, pamoja na umakini wake mkubwa, vinatoa uwezekano. Jibu la kutisha bado linahitaji uthibitisho.

Denmark tangu 2004 kila mjamzito hupewa nafasi ya kuchunguzwa, na watoto wanaozaliwa na Down wamepungua sana kwa sababu wazazi wengi wakishathibitishiwa huchagua kuitoa mimba. Kuna wanaoliona hilo kama uhuru, na kuna wanaoliona kama jamii inayoamua nani azaliwe. Mimi naona mzazi hawezi kuchagua kwa haki kama hajaelezwa namba aliyopewa ina maana gani, na mtoto wa namna hiyo anaishije.

Kwetu, damu ya kliniki hupimwa VVU, kaswende, wingi wa damu. Vipimo hivi vya kasoro si sehemu ya kawaida ya kliniki ya umma, ingawa mwenye fedha anaweza kuvitafuta. Vitakapoenea, vitawakuta akina mama kwenye mabenchi waliyozoea, wenye kadi mkononi, na foleni ndefu nyuma yao. Mama yule wa Marekani alikuwa na swali, na akapata madaktari waliokubali kufungua mafaili kwa ajili ya swali lake. Mashine tutanunua. Ila nani kwenye ile foleni atapewa dakika tano za kuuliza, na nani atakaa amsikilize?