Chane Iliyokatika Ndani ya Silikoni

Aliyewahi kusuka ukili anajua kinachotokea chane moja ikiishia katikati na msukaji asiunge nyingine. Chane za jirani husogea kuziba pengo, na mahali pale hubaki pamejikunja kidogo. Kwa mbali huoni kitu. Ukipitisha kiganja, unapagusa.

Mwaka 1934 G. I. Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi, kila mmoja kivyake, walidai kwamba ndani ya metali mna dosari ya aina hiyo. Fuwele ni atomi zilizopangwa tabaka kwa tabaka. Tabaka moja likiishia njiani, yale ya jirani hupinda, na ukingo wake hukatiza ndani ya fuwele mithili ya uzi. Tuuite mtenguko, kama wa mfupa. Hoja hiyo ilieleza kwa nini metali hupindika kwa nguvu ndogo mno kuliko hesabu zilivyotabiri. Ila mtenguko wenyewe hakuna aliyekuwa ameuona.

Waliokuja kuutafuta kwa bidii hawakuwa wafua vyuma. Desemba 1947, katika maabara za Bell huko New Jersey, transista ya kwanza ilifanya kazi juu ya kipande cha gerimani. Gordon Teal wa maabara hizo hizo alishikilia kwamba kifaa hicho kinahitaji fuwele moja nzima, isiyo na viungo. Wakubwa wake hawakuvutiwa mwanzoni, naye aliendelea na majaribio hivyo hivyo hadi akafanikiwa kuivuta fuwele hiyo kutoka kwenye gerimani iliyoyeyuka. Mwaka 1953 Vogel, Pfann na wenzao wa Bell waliiosha gerimani kwa asidi, wakaona vishimo vimejipanga kwa umbali sawa kwenye mpaka ambapo pande mbili za fuwele zilipishana kwa pembe ndogo sana. Waliipima pembe hiyo kwa eksirei, wakakokotoa umbali uliotazamiwa kati ya mtenguko na mtenguko, wakalinganisha na vishimo. Vililingana.

Lakini kishimo ni mlango tu: kinaonyesha uzi umetokea wapi, si umepita wapi. Mwaka 1956 William Dash wa General Electric aliingiza shaba ndani ya silikoni. Shaba ikaganda juu ya mitenguko, naye akaitazama kwa mwanga wa infraredi. Picha zilipendeza, ila silikoni iliyokwisha kutiwa shaba haina kazi tena kwa mtengeneza transista.

Hapo ndipo anaingia Andrew Lang, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Harvard. Mwaka 1958 alichapisha picha za eksirei zilizoonyesha mitenguko mmoja mmoja bila kuidhuru fuwele. Usifikirie eksirei ya hospitali, ambamo mfupa huacha kivuli. Tabaka lililokatika halina kivuli. Lang alitegemea jambo lililojulikana tangu 1912: miali ya eksirei hurudishwa na matabaka ya atomi kwa pembe maalumu tu. Fuwele iliyonyooka huchagua sana pembe hiyo; ukiigeuza kwa sehemu ndogo ya digrii, inanyamaza. Pale penye mtenguko matabaka yamepinda, kwa hiyo hudaka hata miali ambayo sehemu nyingine zimeiacha ipite.

Kamera yake ilikuwa hivi. Mwali mwembamba hupita kwenye mwanya na kuingia kwenye kisahani cha fuwele. Nyuma yake pana ukuta wa metali unaozuia mwali ulionyooka na kuruhusu ule uliorudishwa tu kufikia kioo chenye dawa ya picha. Fuwele na kioo hutembezwa pamoja, huku na huku, kwa saa nyingi. Kioo kikisafishwa, mitenguko huonekana kama nywele nyeusi. Picha haikuzwi hata kidogo: ina ukubwa ule ule wa fuwele, na hutazamwa kwa hadubini baadaye.

Kila unywele una unene wa maelfu ya atomi, na hilo lina gharama yake. Mitenguko ikisongamana, picha inakuwa wingu jeusi tupu. Metali nyingi za kawaida hazikuweza kupigwa kwa kamera hii. Ilifaa kwa fuwele zilizokaribia ukamilifu, na kwa bahati ambayo sidhani Lang aliipanga, viwanda vilikuwa vikizalisha fuwele za namna hiyo miaka ile ile.

Dash aliyetia shaba ndiye aliyepata dawa. Katika miaka ya 1958 na 1959 alieleza jinsi ya kuanza kuivuta silikoni kwa shingo nyembamba, upesi, ili mitenguko iteleze hadi kwenye ngozi ya shingo na kuishia hapo. Kisha unaiacha fuwele inenepe. Hadi leo fuwele ya zaidi ya kilo 100 huning'inia kwenye shingo ya milimita chache.

Saa za kungoja zilipungua baada ya 1974, Tuomi na wenzake walipotumia eksirei za mashine iitwayo sinkrotroni huko Hamburg, kali kiasi kwamba kazi ya usiku mzima ikawa ya dakika.

Hata hivyo si kila fuwele iliyopata dawa ya Dash. Silikoni kabidi, inayotumika sasa kwenye magari ya umeme, haivutwi kwenye kimiminika. Hukuzwa kutokana na mvuke, na ile hila ya shingo haiifai. Mitenguko yake mingine, umeme ukipita, hutanuka na kuidhoofisha daiodi ikiwa kazini. Kwa hiyo visahani vyake bado hupelekwa mbele ya sinkrotroni, na kwenye picha zake nywele za Lang zimo tele.