Mjukuu wa Msiri

Tunapotaja viongozi wa Katanga ya 1960, aghalabu tunaanza na Moïse Tshombe. Mara hii, vijana wapendwa, tumtazame mtu aliyeketi karibu naye, Godefroid Munongo, na nyumba aliyotoka. Maana pasipo nyumba ile safari yake haieleweki.

Babu yake, Msiri, alikuja kutoka Unyamwezi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akifuata biashara ya shaba na pembe. Akajenga Bunkeya, akawa mwami wa Wayeke, akatawala nchi pana kwa biashara na bunduki, na, haifai kulificha, kwa kuuza watu. Wajumbe wa Mfalme Leopold II walipotaka aipokee bendera yao, alikataa. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapiteni Bodson alimwua kwa risasi, na Bodson mwenyewe akapoteza uhai katika tukio hilohilo. Mukanda-Bantu, mwana wa Msiri, alishika njia nyingine: aliipokea bendera, akabaki na kiti. Hivyo nyumba moja ikarithi mambo mawili yasiyopatana, damu ya baba na mapatano na waliomwaga damu hiyo.

Munongo alizaliwa Bunkeya mwaka 1925. Katika uchaguzi wa miji wa 1957, wengi wa wakuu wa mitaa waliochaguliwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, hawakuwa wenyeji wa Katanga. Hofu iliyotokana na hilo ilizaa chama cha CONAKAT, na rais wake wa kwanza alikuwa Munongo, kabla Tshombe hajashika uongozi mwaka 1959. Chama kilidai Katanga iwe ya wenyeji wa kweli. Inatubidi tutue hapa kidogo: aliyekuwa mbele katika dai hilo alikuwa mjukuu wa mgeni kutoka Unyamwezi. Vizazi viwili tu vilitosha kumfanya mgeni kuwa mwenyeji, na jirani kutoka Kasai akaambiwa arudi kwao.

Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilitangaza kujitenga, nayo wizara ya mambo ya ndani, pamoja na polisi, ikawa mikononi mwa Munongo. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa Elisabethville kwa ndege, na usiku uleule wakapigwa risasi, mbele ya viongozi wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Tarehe 13 Februari Munongo ndiye aliyesimama mbele ya waandishi wa habari. Alisema kwamba wafungwa walitoroka, wakauawa na wanakijiji; kijiji hakukitaja jina. Akaongeza kwamba mwenye kuwashtaki alete ushahidi.

Yaliyofuata tuyapitie upesi. Mwaka 1964, Tshombe alipokuwa waziri mkuu wa nchi nzima, Munongo alirudi katika wizara ileile. Baadaye akawa gavana wa Katanga ya Mashariki, kisha mfungwa wa Mobutu katika kisiwa cha Bula-Bemba. Mwaka 1976 alikalia kiti cha babu yake, akawa mwami huko Bunkeya.

Alifika Kinshasa kwa Mkutano Mkuu wa Taifa, ambao Askofu Mkuu Laurent Monsengwo aliuongoza. Humo watu walitakiwa kusema waliyoyatenda na waliyoyaona, na wengi walimsubiri Munongo aeleze kifo cha Lumumba. Alifariki tarehe 28 Mei 1992, kabla ya kusema. Sisi hatusomi hukumu katika kifo kile. Tunachohesabu ni miaka 31 iliyotangulia, ambamo nafasi ilikuwapo.

Mwezi wa Juni 2022 Ubelgiji ulirudisha jino moja, ndilo pekee lililosalia la mwili wa Lumumba. Jeneza lilipitishwa Shilatembo, karibu na Lubumbashi, mahali alipopigwa risasi. Mpolo na Okito hawana hata jino.