Mtungi, Chifu na Leseni: Tarehe ya Pombe za Nyumbani Kenya

Pombe za nyumbani nchini Kenya hufuata ardhi na mvua kabla ya kufuata kabila. Magharibi, kuanzia mwambao wa Ziwa Victoria hadi vilima vya Kisii na Kericho, pombe ni ya nafaka, na jina lake lililoenea ni busaa. Kuuzunguka Mlima Kenya na kuteremka hadi Ukambani, pombe ni ya asali au ya maji ya miwa: Wakikuyu wana muratina, Wakamba wana uki. Pwani ni nchi ya mnazi, ila tembo lake halipikwi. Utomvu huanza kuchacha wenyewe mgema akiwa bado juu ya mti, kwa hiyo habari zake ni za ugema, si za jikoni.

Nafaka iliyotangulia katika upishi huu ni wimbi, zao la kale la nyanda za juu za Ethiopia na Uganda, pamoja na mtama. Mahindi yalikuja baadaye sana. Yaliletwa Afrika kutoka Amerika baada ya safari za Wareno, yakachelewa kufika bara, na katika karne ya 20 ndipo yalipochukua sehemu kubwa ya mtungi. Hata hivyo wimbi halikuondolewa. Mbegu inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na bila sukari hamira haina cha kula. Wimbi lililochipua hufanya kazi hiyo vizuri kuliko mahindi, tena lina harufu ambayo mnywaji wa busaa huitambua mara moja. Ndiyo maana mpishi anayetumia gunia zima la mahindi bado hutafuta vibaba kadhaa vya wimbi kwa ajili ya kimea.

Upishi wenyewe huchukua wiki moja au zaidi. Wimbi hulowekwa, hufunikwa kwa majani au gunia bichi mpaka lichipue, kisha huanikwa juani na kusagwa. Wakati huohuo unga wa mahindi hukandwa kwa maji ukawa donge zito, ukaachwa siku mbili tatu mpaka uchachuke. Donge hilo humwagwa juu ya bati pana lililotegwa juu ya moto, na hapo ndipo mpishi hodari hujulikana. Hulikatakata na kuligeuza kwa koleo au kwa jembe kuukuu, moshi ukimwingia machoni, hadi ligeuke chenga za rangi ya kahawia. Likiungua, pombe yote itakuwa chungu. Likibaki bichi, haitapata rangi wala ladha. Chenga hizo hutiwa kwenye mtungi au pipa pamoja na maji na kimea, na baada ya siku mbili hadi nne pombe huchujwa kwa kitambaa. Busaa iliyoiva ni nzito kama uji mwepesi, ina uchachu, na kilevi chake kwa kawaida ni asilimia mbili hadi nne. Uchachu huo hutoka kwa bakteria wale wale wanaogandisha maziwa, nao ndio unaozuia vijidudu vya maradhi kustawi humo. Lakini hauzuii pombe yenyewe kuharibika: baada ya siku chache busaa huwa kali kama siki, na hakuna anayeitaka. Udhaifu huu wa kutowekeka utakuja kuwa na uzito katika tarehe yake kuliko jambo jingine lolote.

Kupika ilikuwa kazi ya wanawake, kugawa ilikuwa haki ya mwenye boma. Miongoni mwa Waluhya na Wateso wazee waliketi kuuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu wa mmea wenye uwazi ndani, ncha yake ikiwa imefungwa kichujio kilichosukwa ili machicha yasipite. Kwa Wateso maji ya moto huongezwa mtungini kadiri pombe inavyopungua, na mtungi mmoja huweza kukaliwa alasiri nzima. (Mihuri ya Mesopotamia ya zaidi ya miaka 4,000 iliyopita ina picha za watu wanaokunywa kwa mirija mirefu namna hiyohiyo, pombe yenye machicha huzaa mrija popote ilipo.) Pombe hiyo haikuuzwa. Ililipia palizi na ujenzi wa nyumba watu wa jirani walipoitwa kusaidia, ilisuluhisha ugomvi, ilipokea wageni wa posa, na matone ya kwanza yalimwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia. Kijana asiyeoa hakuwa na nafasi kwenye duara hilo.

Pombe ya asali ina ufundi wa aina nyingine. Waogiek wa msitu wa Mau, wafugaji wa nyuki wa tangu zamani, waliwapa majirani zao asali, nao wenyewe waliichachisha. Asali ikiwa nzito haichachi, kwa sababu sukari iliyozidi huizuia hamira kufanya kazi. Inabidi ichanganywe na maji, kwa kawaida maji yakiwa mara tatu au nne ya asali. Hamira ndiyo iliyokuwa tatizo, na suluhisho lilipatikana kwenye mwegea, mti unaotoa matunda marefu yanayoning'inia kama soseji nene. Tunda bichi ni sumu, haliliwi. Likikaushwa hubaki nyuzinyuzi, na nyuzi hizo ndizo zinazohifadhi hamira. Kwanza hupasuliwa katikati, huanikwa, na huchemshwa ili uchungu utoke. Halafu hutiwa kwenye maji ya asali hafifu yachache humo, na huanikwa tena. Pengine hurudiwa hivyo zaidi ya mara moja kabla tunda halijaaminiwa. Tunda lililoandaliwa vizuri hutumika kwa miaka, kama mpishi wa mkate anavyotunza donge la jana, na lilikuwa mali ya kuazimana kati ya nyumba na nyumba. Kwa Wakikuyu mti, tunda na pombe vyote vimeishia kuitwa muratina, ingawa wazee husema njohi.

Pale asali ilipokuwa haba, maji ya miwa yalichukua nafasi yake. Miwa ilimenywa, ikatwangwa kwenye vinu vilivyochongwa katika gogo, ikakamuliwa, na maji yake yakatiwa kwenye vibuyu vikubwa vilivyowekwa karibu na moto, maana usiku wa nyanda za juu una baridi ya kulaza hamira. Kwa joto hilo muratina huweza kunyweka kesho yake. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938 kuhusu Wakikuyu, alieleza jinsi pombe hiyo ilivyofungamana na hatua za ndoa. Hadi leo majadiliano ya ruracio, yaani mahari, hayakai sawa bila muratina kuletwa.

Utawala wa kikoloni ulikuta hali hiyo na haukuielewa vizuri, ila ulijua unachokiogopa. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umezuia pombe kali kutoka nje kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika ya tropiki, na kwa muda mwingi wa ukoloni Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kununua wiski wala brandi. Pombe ya nafaka na ya asali ziliachwa mikononi mwa machifu wazizuie au waziruhusu wapendavyo. Wakati huohuo kodi ya nyumba ilitakiwa kwa fedha taslimu. Kijana aliyerudi na mshahara kutoka mashamba ya walowezi alikuwa na shilingi ambazo mzee wa mtungi hakuwa nazo, na mwanamke mwenye kimea alikuwa na bidhaa. Hapo ndipo pombe ilipoanza kupimwa kwa bilauri na kulipiwa, na mamlaka ya wazee juu ya nani anywe yakaanza kulegea. Lawama kwamba ulevi uliletwa na vijana wasio na adabu ni ya tangu wakati huo, na haina haki kamili, kwa kuwa kodi ndiyo iliyoanza kudai fedha.

Nairobi ilitafuta njia yake mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mfano ulitoka Durban, Afrika Kusini, ambako tangu 1908 sheria ilikuwa imeipa manispaa haki ya peke yake ya kupika na kuwauzia Waafrika pombe, na faida kugharimia utawala wa Waafrika haohao. Nairobi ilijenga mtaa wa Pumwani, na humo ukafunguliwa ukumbi wa pombe wa manispaa. Upishi wa majumbani ukawa kosa. Wanawake wa mjini, wengi wao wenye nyumba za kupangisha na wasio na ajira nyingine, waliendelea kupika kwa siri, wakizika madebe chini ya sakafu ya udongo na kulipa faini kama sehemu ya gharama za biashara. Katika kipindi hichohicho, mwaka 1922, ndugu wawili wa Hurst na mshirika wao Dowding walianzisha kiwanda cha bia Ruaraka. George Hurst aliuawa na tembo mwaka 1923, na chapa ya Tusker imebeba picha ya mnyama huyo hadi leo. Bia hiyo kwa miongo miwili ilikuwa hasa ya walowezi. Mshindani halisi wa mpishi wa busaa bado alikuwa polisi.

Polisi ndiye aliyeikuza chang'aa. Pombe hii hupatikana kwa kuchemsha busaa au kangara, yaani mchachuko wa pumba za mahindi na sukari nguru, na kuudaka mvuke wake. Pipa huwekwa motoni, chombo cha kudakia huning'inizwa ndani, na sufuria ya maji baridi hufunika mdomo. Mvuke hugonga sehemu ya chini ya sufuria hiyo na kudondoka. Jijini Nairobi ufundi huu ulihusishwa kwanza na Wanubi wa Kibera, wazao wa askari wa Kisudani waliopewa ardhi hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Ukiutazama kwa jicho la mtu anayesakwa, faida yake ni dhahiri. Pipa la busaa halifichiki, harufu yake hufika njiani, na likikaa siku tatu limeoza. Pipa hilo likichemshwa hubaki lita chache zisizooza, zinazoingia ndani ya kibuyu au chupa ya soda. Kila msako ulimfundisha mpishi kupika kilicho kikali zaidi na kidogo zaidi.

Baada ya uhuru mwaka 1963 vilabu vya busaa vyenye leseni viliendelea, na Sheria ya Pombe za Kienyeji ya 1971 iliweka utaratibu wake. Mwishoni mwa miaka ya 1970, serikali mpya ya Rais Moi ilifunga vilabu hivyo, na mwaka 1980 ikapitishwa sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha yaliyokusudiwa: kilichotoweka hadharani ni busaa, pombe dhaifu yenye chakula ndani yake, na kilichobaki gizani ni chang'aa. Mama pima, mwanamke auzaye kwa vipimo vidogo, akawa mtu wa kila kitongoji, na kitu kidogo kwa askari kikawa leseni isiyoandikwa.

Gizani humo ndimo methanoli ilipoingia. Uchachushaji wa nafaka au asali hauzai methanoli ya kiwango cha kuua. Vifo vya halaiki vimetokana na wauzaji kuongeza kemikali ya viwandani ili kukipa kinywaji nguvu kwa bei ndogo. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa katika vitongoji vya mabanda vya Nairobi baada ya kunywa pombe ya aina hiyo, na wengine wakapofuka. Magazeti yaliandika kwamba wameuawa na pombe haramu, na neno hilo likavifunika pamoja kibuyu cha muratina na sumu ya dukani.

Mwaka 2004 kiwanda kikubwa kilitoa Senator Keg, bia ya bei nafuu iliyosamehewa ushuru kwa hoja kwamba ingewatoa wanywaji kwa mama pima. Iliwatoa wengi. Msamaha ulipopunguzwa mwaka 2013 mauzo yaliporomoka, na miaka miwili baadaye ukarudishwa kwa sehemu kubwa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo wananchi waliiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipigania, iliifuta marufuku ya chang'aa na kuihalalisha kwa masharti: ifikie viwango, ifungwe kwenye chupa isiyopungua mililita 250, iwe na onyo. Masharti hayo humfaa mwenye kiwanda. Mwanamke mwenye pipa moja uani hana mashine ya kufungia chupa wala maabara, hivyo kwa vitendo amebaki alipokuwa mwaka 1980. Katiba ya 2010 ilihamishia leseni za vileo kwa kaunti, nazo hutoza na kukagua kila moja kwa namna yake.

Pombe ya sherehe imepita katikati ya sheria zote hizi bila kubadilika sana, isipokuwa ndani ya kibuyu chenyewe. Asali imepanda bei, na muratina nyingi sasa ni ya sukari ya dukani iliyoongezewa asali kidogo kwa ajili ya harufu. Wazee wa ruracio huionja kwanza, na ikizidi sukari hawasiti kuirudisha kwa upande wa kijana.