Kigego: Neno Moja katika Habari za Mbegha

Mwandishi atakaye kueleza upekee wa mtu aweza kutumia kurasa nyingi, au neno moja. Abdallah bin Hemedi, katika Habari za Wakilindi, alitumia neno moja. Mbegha, aliyekuja kuwa baba wa watawala wa Usambara, aliitwa kigego.

Kigego ni mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini. Zamani, katika makabila mengi ya nchi hizi, alihesabiwa kuwa mkosi kwa jamaa yake, na mara nyingi hakuachwa aishi. Mbegha aliokolewa na mapenzi ya wazazi wake. Lakini walipokufa, ndugu walilishika neno hilo wakamnyima urithi. Hawakutaja kosa alilotenda, maana hakutenda. Neno lilitosha: lilikuwa shitaka, shahidi na hukumu kwa pamoja.

Umbo la neno lenyewe lastahili kutazamwa. Lina nasaba na gego, jino la kutafunia, na limevikwa ki-, kiambishi kilichomo katika kipofu, kiziwi na kilema. Kwa vazi hilo mtu hutiwa katika ngeli ya vitu. Lakini sarufi ya Kiswahili haiachi dhuluma hiyo ifike mwisho wa sentensi: husemwa kigego amekuja, si kigego kimekuja. Jina humvua mtu utu wake, kitenzi humrudishia.

Habari ya Mbegha yafuata njia iyo hiyo. Alitoka Nguu, akakaa Kilindi, kisha akaingia katika milima ya Usambara, ambamo Vugiri imo, akiwa mwindaji mwenye mikuki na mbwa. Wenyeji hawakumwuliza habari za meno. Waliona nguruwe waharibifu wa mashamba wakiuawa, wakala nyama aliyowagawia, wakasikia maamuzi yake katika magomvi yao. Mwisho wakampa utawala huko Vugha. Wafalme wa ukoo wake wakasalimiwa kwa jina la Simba Mwene. Aliyefukuzwa kwa neno moja akaacha kizazi kilichotukuzwa kwa jingine.

Abdallah, aliyeishi miongoni mwa Wakilindi, angaliweza kuificha aibu ya mwanzo wao. Hakuificha, aliitanguliza, ili msomaji apime umbali kati ya kigego na simba. Kazi yake ilichapwa kwanza na wamisionari wa Magila, na mwaka 1962 ikatolewa tena mjini Nairobi, ikihaririwa na J. W. T. Allen.

Hata hivyo, ushindi wa mmoja haukulisafisha neno. Mbegha alikuwa na wazazi wenye huruma, mkuki uliolenga, na mwandishi aliyemkumbuka. Vigego wengine hawakupata hata kimoja katika hayo matatu. Wao waliachiwa neno tu, na majina yao hayamo katika kitabu chochote.