Historia Fupi ya Meza ya Jikoni

Katika kitabu cha ukumbusho kama hiki ni desturi kusimulia habari za maghala yaliyojengwa, mizani iliyonunuliwa na mazao yaliyouzwa. Mambo hayo yameelezwa na wenzangu wanaoyajua zaidi. Mimi nimeombwa kuandika historia, nami nimechagua kitu ambacho kila mwanachama aliyehudhuria Mkutano Mkuu amekula chakula kilichoandaliwa juu yake, ila ni wachache waliopata kukitazama. Kitu hicho ni meza ndefu ya jikoni katika ukumbi wa Chama Kikuu chetu. Katika mwaka huu wa kumi uso wake wa zamani umeondolewa, na mahali pake pamewekwa mbao za mvule zilizofanywa kwa mikono ya maseremala wetu.

Meza ile ya kwanza ilinunuliwa dukani ikiwa tayari. Ilikuwa nyeupe, yang'aa, nasi tuliisifu sana siku ilipoletwa. Lakini chini ya weupe ule hapakuwa na mti, bali chengachenga za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi na kufunikwa ganda jembamba. Mwaka wa tatu ganda lilibanduka kando ya karai la kuoshea vyombo. Maji yakapenya, na ndani kukavimba kama maandazi. Wapishi wakatandika gunia, kisha bati, kisha gunia tena. Kitu cha namna hiyo hakipigwi randa wala hakiungwi, kikiharibika hutupwa.

Si haki, walakini, kulilaumu ganda lenyewe. Lina historia yake ya heshima. Mwaka wa 1912 huko Marekani, Bwana Herbert Faber na Bwana Daniel O'Conor walitafuta kitu cha kuzuia umeme badala ya madini ya ulanga, ambayo kwa Kiingereza huitwa mica. Walishindilia tabaka za kitambaa au karatasi zilizolowana utomvu wa viwandani, wakakiita kitu hicho Formica. Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika mitambo. Jikoni iliingia baadaye. Likiwa juu ya ubao mzuri na kingo zilizozibwa barabara, ganda hilo hudumu. Kosa letu lilikuwa kununua kwa macho, bila kuuliza kilichomo ndani.

Ndugu wanachama, yafaa tukumbuke kwamba ushirika wenyewe ulianzia juu ya mbao. Tarehe 21 Desemba, 1844, wafanya kazi wa mji wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka lao katika njia iitwayo Toad Lane. Walikuwa na unga, siagi, sukari, shayiri na mishumaa. Husimuliwa kwamba hawakuwa na fedha za kununua meza ya duka, basi walilaza mbao juu ya mapipa, wakauzia hapo. Mbao zile hazikuwa na urembo wowote, lakini zilikuwa mali ya wote, na mizani iliyokaa juu yake ilikuwa ya haki.

Jiko nalo lilichelewa kupata heshima ya namna hiyo. Kwa muda mrefu, huku kwetu na ng'ambo, kazi ya jikoni haikuhesabiwa kuwa kazi ya kutafutiwa vifaa. Mabadiliko makubwa yalionekana mwaka wa 1926 katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Halmashauri ya mji ilikuwa ikijenga nyumba nyingi za watu wa kipato kidogo, chini ya uongozi wa msanifu majengo Bwana Ernst May. Yeye alimpa Bibi Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu aliyezaliwa Vienna, kazi ya kuchora jiko la nyumba hizo.

Bibi huyo alipima kazi za jikoni kwa saa na kuhesabu hatua za mpishi, akajifunza pia kutokana na majiko membamba ya magari ya moshi. Chumba alichokichora kilikuwa na upana upatao meta 1.9 na urefu wa meta 3.4. Meza ya kazi aliiweka chini ya dirisha ili mpishi apate mwanga, pamoja na kiti cha kukalia na droo ya kupokea maganda. Mbao za kukatia zilikuwa za mti wa Ulaya uitwao biichi, kwa sababu hauchubuliwi upesi na kisu. Na visanduku vya unga vilikuwa vya mwaloni, ili kuzuia wadudu. Majiko yapatayo 10,000 ya namna hiyo yalijengwa.

Bwana May mwenyewe hakubaki Ulaya. Mwaka wa 1934 alikuja Tanganyika akawa mkulima, kisha akahamia Nairobi na kuirudia kazi yake ya usanifu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ndiye aliyechora jengo kubwa la KNCU mjini Moshi, Chama Kikuu kilichoanzishwa mwaka wa 1933 na wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Basi mtu yule yule aliyeagiza jiko la Frankfurt aliwachorea pia wakulima wa ushirika makao yao.

Hata hivyo jiko lile lilikuwa na kasoro moja, nayo ndiyo funzo langu. Lilikuwa jembamba mno, watu wawili hawakuweza kufanya kazi pamoja. Na Bibi Schütte-Lihotzky, ambaye alifariki mwaka wa 2000 akiwa na umri wa karibu miaka 103, alikiri baadaye kwamba alipolichora alikuwa hajapata kuwa mpishi.

Nasi tulikaribia kosa hilo hilo. Kamati ilipokutana juu ya meza yetu, tulijadili bei kwa saa nzima, na hapana hata mmoja wetu aliyepata kumenya ndizi za watu mia tatu. Mjumbe mmoja ndipo akashauri tumwite mama mkuu wa wapishi. Alisimama mlangoni, akajifuta mikono, akasema: "Bwana Mwenyekiti, miaka kumi mmebadilisha meza ya ofisi mara mbili, nayo huwekewa karatasi tu. Yetu huwekewa sufuria za moto, nasi hufanya kazi upande mmoja, maana mmeisukumiza ukutani." Wajumbe tulinyamaza, kwa sababu aliyoyasema yalikuwa kweli.

Basi meza imehamishwa, imesimama katikati, watu huizunguka pande zote, na urefu wa miguu yake umepimwa kwa wapishi wenyewe wakiwa wamesimama. Tulichagua mvule kwa kuwa ni mti mgumu, hauozi upesi, na mchwa hauwezi. Mbao zake zilinunuliwa kwa njia halali, kwani miti ya asili haikatwi pasipo kibali. Makabati ya chini ni ya mringaringa, mti ambao wengi wetu twaujua kwa kivuli chake juu ya mibuni.

Maseremala hawakufanya haraka. Mbao zilipangwa kivulini, katikati ya kila mbili pamewekwa vijiti ili upepo upite. Kanuni ya wazee wa kazi hiyo ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Ubao mbichi ukiunganishwa hupinda na kupasuka. Kisha zilipigwa randa, zikaungwa kwa gundi na kubanwa, zikasuguliwa kwa msasa. Zilipofungwa juu ya miguu, matundu ya skurubu yalitobolewa marefu kidogo, maana mbao hutanuka wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi. Ukizikaza mno, hupasuka. Mwisho zilipakwa mafuta ya kitani na nta ya nyuki.

Mjumbe mmoja aliuliza kama mbao hazifichi uchafu. Swali hilo lilichunguzwa katika miaka ya 1990 na Profesa Dean Cliver na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Waliona kwamba vijidudu vilivyowekwa juu ya mbao za kukatia vilifyonzwa ndani na kuzidi kufa, lakini katika plastiki iliyochanjwa kwa visu vilibaki na kusafishika kwa shida. Pamoja na hayo, usafi hauna badala: nyama mbichi ina ubao wake wa pekee, na meza huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, ikakaushwa.

Sifichi kwamba gharama ilizidi ile ya meza ya dukani. Lakini fedha hiyo imebaki mikononi mwa watu wetu, na meza ikichakaa, haitatupwa. Seremala ataipiga randa, aipake mafuta, nayo itakuwa mpya kwa mara nyingine.

Wakati mwanachama atakapokula katika sherehe hii, na apite jikoni auguse ubao ule. Tena viongozi watakaotufuata, kabla ya kununua chombo chochote, na wamwulize kwanza yule atakayekifanyia kazi. Sisi tulichelewa miaka kumi kuuliza; wao wasichelewe.